Naomba ushauri: siku moja Wisbech na mama mkwe
Wakubwa shikamoni. Mama mkwe yuko huku Uingereza kututembelea. Ni mwalimu mstaafu wa historia, maswali hayamwishi. Nataka kumpeleka Wisbech, mji wa soko alikozaliwa Thomas Clarkson mwaka 1760, yule aliyepigana na biashara ya utumwa. Mnara wake uko karibu na daraja la mto Nene, ila mimi nalitaka hasa lile sanduku lake lililo makumbusho: ndani mna vitambaa na mbegu za Afrika alizozunguka nazo kuwaonyesha Waingereza. Shida ni magoti ya mama, na treni ya abiria haifiki huko. Mliokwenda, tuanzie makumbusho au Peckover House, ile nyumba ya kihistoria? Na pale North Brink, barabara ya kando ya mto, kuna viti vya kupumzikia?