Mafundi kompyuta wa Kigoma, acheni kufuta mafaili ya watu! Si kila mashine iliyogoma baada ya apdeti inahitaji kupigwa Windows

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mafundi kompyuta wengi wa hapa Kigoma mjini wana dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga Windows, yaani kuiweka upya, mara nyingi kwa kufomati (kufuta) diski yote kwanza. Mashine imekuwa nzito, piga Windows. Imeleta maandishi wasiyoyajua, piga Windows. Imejiapdeti usiku na asubuhi haifunguki, piga Windows. Kilichomo ndani hakiulizwi. Mwenye mali akija anakabidhiwa mashine tupu na kuambiwa alipe.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama. Wengi wetu ni wauza dagaa wa Kibirizi na wauza mawese wa sokoni Mwanga. Hisa za kila wiki, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji, vyote nilivijumlisha kwenye Excel katika laptopu ya nyumbani. Madaftari yapo, ila daftari linaonyesha nani alitoa nini siku ile. Nani amebakiza kiasi gani na riba yake imefika wapi, hilo lilikuwa kwenye kompyuta. Na Desemba tunavunja kikoba. Aliyewahi kukaa kwenye kikoba anajua mwezi huo unavyokuwa hata hesabu zikiwa zimenyooka.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Laptopu ilijiapdeti jioni, ikazima, ikawaka yenyewe. Ilipowaka haikufika kwenye paswedi. Ilileta ukurasa wa bluu wenye neno BitLocker, ikidai namba ya tarakimu 48, na pembeni kuna mstari wa herufi na namba unaoitwa "Recovery key ID". Basi. Feni inazunguka, kioo kinaonyesha, kibodi inakubali kuandika. Mashine ilikuwa nzima, inauliza swali moja tu. Niliupiga picha ule ukurasa kwa simu, nikaipeleka laptopu kwa fundi mmoja wa Mwanga. Jina la duka silitaji, na msinibane nilitaje.

Picha nilimwonyesha. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Kaka, humo kuna hesabu za watu, chonde chonde usifute kitu." Akanijibu, "Ondoa shaka dada, hii kazi ndogo." Namba yangu ya simu akaiandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya laptopu. Hakupiga.

Nilipoifuata nikakuta Windows mpya, ndani hakuna kitu. Folda ya kikoba haipo. Picha za harusi ya dada yangu hazipo. Ripoti ya mafunzo kazini ya mdogo wangu haipo. Namuuliza vitu vyangu viko wapi, ananijibu bila hata kuinua macho, "Dada, Windows ilikuwa imekufa, ikabidi nifomati. Shukuru hata imewaka." Kisha akadai hela iliyobaki.

Windows haikuwa imekufa. Ndiyo maana siwezi kulala bila kuandika uzi huu.

Mdogo wangu wa kiume, aliyeko Dodoma, ndiye aliyeianzisha ile laptopu iliponunuliwa, kwa akaunti yake ya Microsoft. Nilipompigia na kumsimulia akaomba nimtumie ile picha. Akafungua simu yake, akaenda account.microsoft.com/devices/recoverykey, akaingia kwa akaunti yake, na ile namba ya tarakimu 48 ikawa imekaa pale. Tukalinganisha: herufi nane za kwanza za ile ID kwenye picha yangu na zile za kwenye akaunti yake ni zilezile, moja baada ya nyingine. Kazi yote iliyohitajika ilikuwa kuandika tarakimu 48 na kubonyeza Enter. Hata mimi ningeifanya mwenyewe jikoni.

Kwa wasiojua, na nadhani mafundi wengine nao wamo, jambo lenyewe liko hivi. Kompyuta nyingi za Windows 11, ukizianzisha kwa akaunti ya Microsoft, zinaifunga diski kwa msimbo bila kukusumbua; kufuli hilo ndilo BitLocker. Ufunguo wa kila siku unatunzwa na chipu iliyo kwenye mashine yenyewe, inaitwa TPM. Kila unapowasha, chipu inakagua kama mambo ya kuanzia yako vilevile kama jana. Yakiwa vilevile inafungua kimyakimya na wewe hujui kama kuna kufuli. Apdeti ikigusa BIOS (programu iliyo kwenye bodi inayoanza kuiwasha mashine) au mafaili ya kuwashia, chipu inaweza kugoma, na hapo inakuomba ufunguo wa akiba. Ni ulinzi dhidi ya wezi. Haina maana kuna kilichoharibika, wala si virusi.

Na si jambo geni. Julai 2024 Microsoft wenyewe walikiri kwamba apdeti za usalama za mwezi ule zilisababisha baadhi ya kompyuta ziwake na ukurasa huohuo wa BitLocker. Liliandikwa wazi. Mtu anayekula kwa kazi ya kompyuta anapaswa kuujua ukurasa huu kama dereva anavyoijua taa ya mafuta kwenye dashibodi.

Mwezi huohuo, tarehe 19, kuna apdeti mbovu ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliyoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilikwama, hospitali zikakwama. Dawa iliyotolewa? Washa kwa Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), futa faili moja bovu, washa tena. Faili moja. Kwetu hapa mtu anaona rangi ya bluu tu, mkono tayari uko kwenye flashi ya kupigia Windows.

Wengi mtanishauri nitumie programu za kurudisha mafaili, Recuva, PhotoRec na nyingine. Asanteni, nimeshalifuatilia. Diski ikishafungwa na BitLocker halafu ikafomatiwa, taarifa za kufuli lenyewe zinakwenda pamoja na fomati, na Windows mpya inaandikwa juu yake. Hata ukifukua mabaki unapata takataka zisizosomeka. Tena diski ni SSD, aina ya kisasa isiyozunguka, ambayo ikiambiwa sehemu fulani haitumiki huisafisha yenyewe. Kwa diski ya zamani, isiyofungwa, kungekuwa na matumaini. Kwa hii, namba ya tarakimu 48 ninayo na haifungui chochote.

Na bado hamjasikia lote. Laptopu ilikuja na Windows 11 halali, leseni imo ndani ya bodi. Yeye kaniwekea Windows 10, "nyepesi", kwa maneno yake, imefunguliwa kwa programu ya wizi. Windows 10 ilimaliza kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Halafu kwa kujisifu akaniambia ameizimia apdeti ili isinisumbue tena! Yaani kanitoa kwenye mashine iliyofungwa vizuri, kaniweka kwenye mashine isiyozibwa matundu, yenye programu ya wizi isiyojulikana inachungulia nini, na humo nianze tena kuandika hela za watu. Nimemlipa kwa hilo.

Anayesoma hapa akiwa na mashine iliyogoma sasa hivi, kabla hujaibeba kwenda popote, nisikilize.

Ukiona ukurasa unaodai ufunguo wa BitLocker, usimkabidhi mtu. Uliza kwanza nyumbani nani aliianzisha mashine na kwa akaunti ipi, kisha mfungue ule ukurasa wa Microsoft nilioutaja, hata kwa simu. Kama kompyuta ni ya kazini au chuoni, ufunguo mara nyingi uko kwa watu wao wa TEHAMA.

Kama inazunguka tu na kujizima na kuwaka, kwanza ipe muda, hasa kama apdeti bado inaandika asilimia. Nyingine zinachukua saa nzima na zaidi, na hapa kwetu balaa kubwa ni umeme kukatika katikati, kwa hiyo laptopu iachie chaja na betri ikiwa imejaa. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa, maana kuna mashine inagoma kwa sababu inajaribu kuwakia kwenye flashi iliyosahaulika. Ikikataa kabisa, iwashe, na inapoanza tu kupandisha Windows shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Baada ya mara mbili tatu Windows itajipeleka yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo. Ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options". Humo kuna "Startup Repair", kuna "System Restore", na kuna "Uninstall Updates", inayoondoa apdeti ya mwisho na kuacha mafaili yako yalivyo. Jaribuni hiyo! Apdeti imekuletea tatizo, iondoe apdeti. Kwa nini uondoe maisha ya mtu?

Yote yakishindikana, bado mafaili yanatolewa kwanza. Fundi anaweka Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows) kwenye flashi, anawasha mashine kupitia hiyo flashi bila kugusa diski, ananakili folda zako kwenye diski ya nje. Kama diski imefungwa utahitaji uleule ufunguo, lakini kama haijafungwa ni kazi ya kawaida kabisa. Hata kupiga Windows kwenyewe si lazima kufute: ukiiweka juu ya sehemu ya zamani bila kufomati, mafaili ya awali yanahifadhiwa kwenye folda inayoitwa Windows.old. Na ile njia ya "Reset this PC" inakuuliza waziwazi kama unataka kubaki na mafaili yako. Windows yenyewe inauliza. Fundi wangu hakuuliza.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko laptopu. Alichofanya ni sawa na kumpelekea seremala kabati lililofungwa, ufunguo umebaki nyumbani, naye akachoma kila nguo iliyokuwemo kisha akakurudishia kabati limepigwa vanishi.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Wanaosema "kosa ni lako, ungeweka bakapu": bakapu ni jambo jema na kila mtu aweke. Lakini kukosa bakapu hakumpi fundi ruhusa ya kufuta. Niliyemkabidhi nilimwambia asifute, akakubali, akafuta. Msigeuze kibao.

Aliyeniambia niende polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kufuta data za mtu kwa makusudi na kinyume cha sheria. Sidhani kama kijana yule alinuia kunidhuru. Alikuwa mvivu na hakujua, na aliona aibu kusema hajui. Sitaki alale rumande. Nataka hela yangu, na nataka aje mwenyewe mbele ya wanachama aeleze alichofanya, kwa sababu tayari wapo wanaonong'ona kwamba katibu kapoteza hesabu kwa faida yake. Mnajua neno la namna hiyo likianzia Kibirizi linafika Ujiji kabla ya adhuhuri. Nimewekwa kwenye nafasi hiyo na mtu ambaye angeweza kupiga simu ya shilingi chache.

Mafundi mliojibu kwa kukasirika, mkisema nawachafulia kazi: wale wanaouliza kabla ya kufomati hawahusiki na uzi huu na wanajijua. Wengine, wekeni karatasi mezani. Mteja anaandika kama mafaili yake yafutwe au yasifutwe, anatia sahihi, mnabaki na nakala. Usipoijua skrini iliyo mbele yako, sema hujui, nitaipeleka kwa mwenzako. Sitakudharau kwa hilo.

Kwa sasa tunazijenga hesabu upya kwa daftari na meseji za miamala kwenye simu za wanachama. Zile za zamani wengine wameshazifuta kwa sababu simu zilijaa, na mikopo miwili mikubwa ina ubishi. Kama yupo hapa aliyewahi kuwa mhasibu wa kikoba na amepitia kitu kama hiki, naomba aniambie walipatanaje kwenye marejesho ambayo hayana meseji wala sahihi. Hilo nalihitaji kabla ya kikao cha Jumamosi.

Na wewe fundi, najua unapita humu. Karatasi yenye namba yangu bado ipo juu ya laptopu, sijaibandua. Piga.