Mrejesho: Skype imefungwa, tumehamia XMPP

Wadau, narudi na mrejesho. Niliuliza ofisi ya watu 12 itumie nini baada ya Skype kufungwa tarehe 5 Mei 2025, bila kutegemea tena kampuni moja. Ushauri wa XMPP, yaani mfumo huria wa kutumiana ujumbe ambao yeyote anaweza kuuendeshea seva yake, ndio uliofaa. Programu ya seva ni Prosody juu ya Debian (aina ya Linux). Android wanatumia Conversations, iPhone Monal, kompyuta Gajim.

Kilichosumbua zaidi ni cheti cha usalama. Prosody haina ruhusa ya kusoma faili za Let's Encrypt (huduma inayotoa vyeti bure), kwa hiyo simu zinagoma kuunganika. Dawa yake:

prosodyctl --root cert import /etc/letsencrypt/live

Amri hiyo ijiendeshe kila cheti kinapohuishwa, la sivyo kikiisha muda mtakwama tena. Fungueni poti 5222 ili simu na kompyuta ziunganike. 5269 ni ya kuwasiliana na seva nyingine tu.

Washeni moduli ya mam (inayohifadhi jumbe kwenye seva), maana bila hiyo ujumbe uliopokelewa kwenye simu hautaonekana kwenye kompyuta iliyokuwa imezimwa. Ila OMEMO (usimbaji unaofanya jumbe zisomwe na wahusika tu) haifungui jumbe za zamani kwenye kifaa kipya, waambieni watu mapema! Na Conversations iondolewe kwenye ubanaji wa betri, vinginevyo jumbe zinachelewa.

Asanteni sana, mmetuokoa.