Ushauri: natumia mashine ya kukoroma, lakini naamka kichwa kinagonga

Mkoromaji_TZ: Wakuu habari zenu. Nakoroma na kukata pumzi usingizini. Nilipimwa, nikaambiwa nitumie CPAP, ile mashine inayokusukumia hewa usingizini. Shemeji yuko Uingereza, akaniletea mashine na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mwanzoni nililala fofofo. Siku hizi naamka kichwa kinagonga. Presha iko 9, niongeze?

Bibi Mkwakwani: Presha kapime ya damu mwanangu. Marehemu mume wangu alikoroma miaka yote, nampiga kiwiko cha ubavu anageuka. Mashine ya nini?

Kachumbari: Bibi, umesema MAREHEMU? 😂

FundiAC: Mkuu, una ndevu? Mpira wa barakoa haushiki vizuri kwenye ndevu, hewa inatorokea machoni. Na wengi wakiona inavuja wanakaza mikanda, mpira unajikunja, ndio inavuja zaidi. Legeza, lala chali, washa mashine, ivute barakoa mbele kidogo mpira ujae upepo, halafu ikalishe taratibu.

Nesi_Zamu: Kabla ya presha: mbele ya barakoa kuna vitundu vidogo vidogo. Vinatoa hewa?

Mkoromaji_TZ: Barakoa iko vizuri tu, ni mpya.

Nesi_Zamu: Sijauliza upya wake.

Mkoromaji_TZ: Dah. Nimevibandika plasta. Mama watoto alilalamika upepo unampuliza shingoni usiku kucha. Na mimi naona hewa inapotea bure, umeme wenyewe wa LUKU. Tangu nibandike nyumba ina amani.

Nesi_Zamu: Bomba ni moja, linaleta tu. Pumzi unayotoa inatokea kwenye vitundu hivyo, na mashine imeshaihesabu hewa hiyo. Ukiziba, hewa ukaa inabaki ndani na unaivuta tena. Kichwa kitaachaje kuuma? Bandua plasta leo, presha usiiguse bila daktari. Kama shida ni upepo, zipo barakoa ambazo vitundu vyake vinautawanya. Au lala umempa mgongo.

Mkoromaji_TZ: Sijaziba vyote jamani. Na kile kivalvu cha kwenye kiwiko cha barakoa, pale bomba linapoingia, kiko wazi.

Nesi_Zamu: Hicho ni cha umeme ukikatika, upate hewa ya chumbani. Mashine ikiwaka kinajifunga.

Kachumbari: Hii chai, tena haina sukari. Januari huyu huyu alilia jukwaa la mapenzi kwamba mama watoto kaondoka na kabati. Leo anayepulizwa shingo ni nani?

Mkoromaji_TZ: Tumerudiana.

FundiAC: Na kabati?

Bibi Mkwakwani: Weka picha ya kabati tuamini.

Nesi_Zamu: Picha ya barakoa kwanza, kabati baadaye.

Mkoromaji_TZ: Nyie watu! Nimebandua nusu. Nusu iliyobaki ni mpaka mama mkwe aondoke, analala chumba cha pili na dari ni moja, mlio wote unamfikia.

Kachumbari: Sasa na mama mkwe kaingia 😂😂 Mods, hamishieni uzi huu jukwaa la hadithi.