Lori la mchanga likikamatwa na kamati ya mazingira ya mtaa, nani anapiga simu liachiwe?

Mbukwenyi wakuu.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Mtaa wetu uko pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kwenye karatasi ni jiji, kwa macho ni kijiji: uwele, mtama, zabibu kidogo, mbuzi, na korongo kubwa linaloshusha maji wakati wa masika. Tuna kamati ya mazingira ambayo wajumbe wake hawalipwi hata shilingi. Juzi usiku walikuta lori linachota mchanga kwenye ukingo wa korongo. Hawakumpiga mtu, hawakunyang'anya funguo. Walisimama mbele ya lori na tochi zao, wakaita ofisi husika. Kabla hakujapambazuka lori limeshaondoka, hakuna faini wala risiti, na aliyeitwa kujieleza asubuhi ni mwenyekiti wa kamati! Mama mtu mzima, mwenye wajukuu, anaulizwa mbele ya vijana wa kupakia mchanga: "Nani kakupa mamlaka ya kusimamisha magari ya watu?"

Kamati hii haijajiundia yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitambua kamati za mazingira kuanzia jiji na wilaya mpaka kata, kijiji, mtaa na kitongoji. Kifungu cha 57 cha sheria hiyohiyo kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwamba humo ndani usifanye shughuli ya kudumu wala shughuli inayoweza kuharibu mazingira. Lori lilikuwa ukingoni kabisa, tairi za nyuma zimeshaanza kuzama. Sasa yule mama alikosea nini kuita ofisi? Angekaa kimya mngemuita mzembe.

Naomba mnielewe kuhusu mchanga, maana kuna watu wanadhani tunalilia mchanga kama mchanga. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa wastani. Ikishakatika, maji yanayobaki kwenye korongo yanajificha ndani ya mchanga. Agosti, Septemba, Oktoba, kina mama wanachimba humohumo, wanachota kwa kata, ng'ombe wanakunywa, maisha yanasogea. Ukiuondoa mchanga mpaka ukafikia mfinyanzi, mvua inayofuata inapita moja kwa moja, haina pa kukaa. Halafu kingo zinaanza kumong'onyoka kwa sababu chini kumechimbwa, korongo linapanuka, linakula shamba la mtu. Kuna jirani yangu mstari mzima wa zabibu umeingia korongoni na nguzo zake. Aliyechota mchanga ule hajui hata jina lake.

Na sipingi ujenzi. Tangu 2016 ilipotangazwa kwamba serikali yote inahamia huku, mji umejaa nyumba, na sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki saba na nusu ndani ya jiji. Wote hao wanahitaji tofali. Lakini kuna utaratibu wa leseni za madini ya ujenzi, na Tume ya Madini yenyewe makao yake yako hapahapa Dodoma. Mwenye leseni anachimba mchana, sehemu aliyopangiwa, analipa. Anayekuja usiku amezima taa, huyo mnayemtetea kwa simu, ana leseni gani?

Hii kamati mnayoidhalilisha imefanya nini? Nitasema, kwa sababu naona wengi wenu hamjui hata mnavyofaidika.

Miche ile inayoletwa na pikapu siku ya sherehe, inapandwa watu wakipiga picha, kisha kiangazi inakauka yote. Kamati ilisema wazi kwenye mkutano kwamba mche usio na mwenye kuumwagilia usipandwe. Wakahamia kwenye kisiki hai. Wanapita mashambani, wanakuonyesha kisiki ulichokuwa unakikata kila mwaka ukidhani ni kichaka, kumbe mizizi yake iko hai chini. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unafunga kitambaa cha alama ili wachungaji wajue, unalinda. Huna haja ya ndoo hata moja ya maji, kwa sababu mzizi umeshafika kwenye unyevu. Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wanafanya hivi na mnaweza kwenda kuangalia. Kwetu, upande wa juu wa shule, palikuwa peupe kabisa, leo pana kivuli na mbuzi wanagombania maganda ya migunga. Wamechimba na makinga maji kwenye mteremko, kwa majembe waliyotoka nayo nyumbani kwao, Jumamosi baada ya Jumamosi. Chakula hawakupewa. Maji ya kunywa walibeba wenyewe.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 ni wao waliopita duka kwa duka kwa upole, kabla mtu hajapigwa faini. Hilo nalo mmesahau.

Wazee wa Kondoa wanaosoma hapa wanakumbuka ardhi ikishaharibika serikali inafanyaje. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Mfugaji anaamriwa kuondoa ng'ombe wake kwenye ardhi ya babu yake! Ndiko mnakotaka tufike?

Na nyie majirani zangu, hamponi. Lori linapita mbele ya nyumba zenu, mnazima taa mnalala. Kesho yake mnawaita wajumbe wa kamati wambea, eti wana njaa, wanatafuta hongo. Kijana mmoja wa kamati amejitoa kwa sababu ya maneno hayo, na alikuwa ndiye mwenye pikipiki.

Ninachotaka si kikubwa. Ofisi iliyoliachia lori itoe maelezo ya maandishi: limeachiwa na nani, kwa sababu gani. Mwenyekiti wa kamati aombwe radhi mbele ya mkutano wa mtaa, palepale watu walipo, siyo chumbani. Wajumbe wapewe barua ya utambulisho yenye muhuri na vitambulisho vya kuvaa shingoni, ili dereva akiuliza "wewe nani" asijibiwe kwa tochi tupu. Na faini ikitozwa, ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, sehemu yake irudi kununua hata buti na majembe.

Mlioko kata nyingine za jiji, na ndugu zangu wa Bahi na Chamwino: kamati zenu zina barua kama hiyo? Imesainiwa na nani, mtendaji wa kata au mkurugenzi? Mwenye mfano auweke hapa, majina ya watu afute. Nitauchapisha niende nao kwenye mkutano wa mtaa unaokuja, na safari hii siendi peke yangu.