Mbeleko yenye dawa ya mbu: iuzwe sokoni au itolewe kliniki?

Mleta mada, Bwera

Wadau, nauza leso na vitenge soko la Mpondwe, huku mpakani na Congo. Tangu habari za utafiti wa mbeleko zenye dawa ya mbu, uliofanyika hapa wilayani Kasese, Uganda, zitufikie, kila siku ya soko akina mama wanashika leso, wanainusa, wananiuliza, "Dada, hii ndiyo ya mbu?" Nikisema siyo, wanahamia meza ya mbele.

Meza hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Mwenzangu anapulizia leso dawa ya mende ya kopo, anazianika kwenye kamba, kisha anapandisha bei. Juzi mama mmoja alinunua akambeba mtoto palepale. Kitambaa kilikuwa bado kibichi, na pindo lake limegusa mdomo wa mtoto.

Kwa asiyejua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mbarara na wenzao wa University of North Carolina waliwafuata akina mama 400 na watoto wao hapa Kasese kwa nusu mwaka. Wote walipewa chandarua kipya. Nusu yao mbeleko zilichovywa kwenye permethrini, dawa ya kuua wadudu, nusu kwenye maji matupu, zikirudiwa kila wiki 4. Matokeo yalitoka mwaka 2025: malaria ilipungua kwa karibu theluthi mbili kwa waliobebwa kwenye mbeleko zenye dawa. Mbu hung'ata jioni mama akiwa jikoni, mtoto yuko mgongoni, chandarua kimekunjwa.

Msimamo wangu: nguo yenye dawa ni dawa. Itolewe kliniki, bure, na mtu aliyefundishwa.

Mchangiaji, Kampala

Dada, nakuheshimu, ila cha bure hakitunzwi. Vyandarua vya serikali tumeviona vikizungushiwa mabanda ya kuku. Acha wafanyabiashara walete zilizotengenezwa kiwandani. Ulaya wanauza nguo zenye aloe vera na vitamini E ndani ya vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vikisuguana na ngozi vinapasuka na kuachia mafuta. Wanajeshi wa Marekani wanavaa sare zenye permethrini tangu miaka ya 1990. Teknolojia ipo. Mama akitoa hela yake, ataithamini.

Mchangiaji, muuguzi, Fort Portal

Ndugu wa Kampala, vidonge hivyo vikipasuka vimekwisha, na kila ukifua vinapungua. Huko huko Marekani, mwaka 2014, tume ya biashara (FTC) iliwabana wauzaji wawili wa nguo za ndani zenye kafeini, waliodai zinapunguza unene. Ushahidi haukuwepo, wakakubali kurudisha zaidi ya dola milioni 1. Pale mtu alipoteza hela tu. Mimi napokea watoto wenye degedege saa nane za usiku.

Mleta mada, nawe usiifanye nyepesi. Vipele vilionekana zaidi kidogo kwa watoto wa kundi la dawa. Halafu mbu wetu wengi wameshakuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo. Kasese imefanya kazi, ndiyo, ila usugu lazima upimwe kila mwaka.

Mleta mada

Asante sana muuguzi, hilo la vipele nimelipokea.

Kaka wa Kampala, umewahi kufua mbeleko? Mtoto anakojoa humo, anatapika humo. Hakuna nguo nyumbani inayosuguliwa kwa sabuni ya mche kama hiyo. Hata ikitoka kiwandani, mama atajuaje dawa imeisha? Kitambaa kitabaki na maua yaleyale. Mama ataendelea kukiamini, na mimi niliyemuuzia sitakuwepo jioni hiyo jikoni kwake.

Nimejaribu kupanga. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8, halafu 18. Miezi ile mitatu mama yuko kliniki kila mwezi: achovyewe mbeleko hapohapo, ianikwe kivulini, aende nayo imekauka.

Ninapokwama ni kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 17. Mtoto bado anabebwa, na kliniki kwa wengine ni kupanda mlima nusu siku. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, tayari wanatunza dawa za malaria majumbani mwao. Je, wapewe na beseni, glavu na permethrini? Walio VHT humu, mngekubali kazi hiyo, na kwa posho gani?