Naomba ushauri: skrini ya kuagizia chakula kwa mgahawa wa Kigoma

Wakuu, habari zenu. Nina mgahawa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mchana foleni inakuwa ndefu, wahudumu wanaandika oda kwenye vikaratasi, matokeo yake aliyeagiza ugali migebuka analetewa wali maharage. Nimeona migahawa ya McDonald's ya nje wanatumia zile skrini kubwa za kugusa: mteja anachagua mwenyewe, analipa palepale, oda inaingia moja kwa moja jikoni, yeye anasubiri namba yake iitwe. Kinachonivutia zaidi, mashine haisahau kumuuliza mteja kama anaongeza soda au kachumbari. Mhudumu akizidiwa, hilo halikumbuki kabisa.

Sasa wazee wetu wa Ujiji wanataka kwanza kumwona samaki wa leo ndipo waagize (na wana haki), je, watakubali kubonyeza kioo? Na umeme ukikatika? Mke wangu anasema nianze na tableti moja kaunta pamoja na lipa namba (mteja analipa kwa simu).

Aliyewahi kufunga mfumo wa Kiswahili unaofanya kazi hata intaneti ikipotea anieleze: matengenezo yanasumbua? Risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) mnaiunganishaje?