Fundi kanibadilishia koili, pointi na plagi, kumbe petroli inachemkia kwenye bomba!

Wakuu, nina hasira na leo sifichi.

Nina Land Rover 109 Series III, ya petroli, ya kabureta (kile kinachochanganya petroli na hewa). Miaka minane imepanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, bila neno. Tangu sevisi ya Januari imenizimikia mara tatu mlimani pale, kwa mtindo uleule: nimetoka Ruaha Mbuyuni jua la utosi, napanda nyuma ya malori yanayotambaa, gari inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Rejeta haijachemsha, mshale uko katikati. Nikikaa dakika 40 inawaka yenyewe.

Fundi wa hiyo sevisi, hapa Dar, nilimweleza hivyohivyo. Hakusikiliza. Akakimbilia vifaa vya umeme wa kuwasha injini. Koili mpya. Ikazima. Pointi, kandensa, plagi. Ikazima. Jumla 680,000, na ushauri juu: ng'oa injini, weka ya Toyota.

Mara ya tatu watoto walikuwa nyuma. Mzee mmoja dereva wa lori akasimama, akafungua boneti. "Kijana, tazama hapa." Kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta kilikuwa nusu tupu, viputo vinapanda kama maji ya chai. Hakushika spana. Alilowesha kitambaa, akakizungushia pampu na bomba lake, akanionya nisimwagie maji eksozi ya moto isije ikapasuka, kisha akapampu kwa mkono kile kiwenzo kidogo cha pampu mpaka kikombe kikajaa. Stata moja tu, ikawaka.

Tenki la 109 hii liko nyuma kabisa, pampu iko kwenye injini. Inavuta mafuta toka mbali, na kule kuvuta kunashusha presha bomba zima. Presha ikishuka, petroli inachemka kwa joto dogo zaidi. Pampu ikishavuta mvuke haisukumi kitu. Mlimani mwendo ni mdogo, upepo haupiti, injini inakamuliwa. Fundi wa kabureta asiyejua hili anafundisha vijana nini?

Na kuligundua ni dakika moja! Ikizima, fungua kisafisha hewa, vuta akseleta, chungulia kooni mwa kabureta. Mafuta yakiruka, kahangaike na umeme. Pakiwa pakavu, koili yangu umeitolea nini?

Nilipofika nyumbani nikalala chini ya gari. Bomba la chuma la mafuta hakuna, fundi kaweka mpira, umelalia eksozi. Nimeubonyeza: umelainika kama ndizi iliyopitiliza, upande mmoja mweusi unang'aa. Bati la kukinga joto hakuna. Ile gasketi nene chini ya kabureta, inayozuia joto la manifoldi (mabomba ya hewa na moshi ubavuni mwa injini) lisipande, kaweka ya karatasi aliyokata kwa mkasi. Petroli juu ya eksozi ya moto, na watoto wangu wanne ndani!

Jumatatu nilimfuata. Bati, eti lilikuwa linapiga kelele. Gasketi katupa. Hela harudishi.

Tafadhali msinishauri pampu ya umeme ya gari za EFI (zinazopuliza petroli kwa sindano badala ya kabureta). Ile inasukuma bar 3 hivi, kabureta hii inataka kama psi 3 tu, yaani bar 0.2 hivi, itafurika.

Natafuta bati na gasketi nene, hata za mtumba. Mwenye nazo Dar, Morogoro au Iringa aniambie, nitazifuata mwenyewe.